Mahindi ya Mama Hayatupwi

Yule paka nilimchukia tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Mke wangu Kalekye alimtoa kwenye mtaro wa maji machafu Mukuru kwa Njenga, alikokuwa amekwenda kumwona mgonjwa wa kanisani, akaja naye hapa Kaloleni ndani ya kikapu cha sukuma wiki. Paka wa rangi ya majivu, mbavu nje, mkia umekatika nusu. Akapewa wali, akatapika. Akapewa maziwa, akaharisha mpaka kwenye mkeka. Kalekye akamwita Mwende, yaani mpendwa kwa Kikamba chetu. Mimi nikamwita Hasara.

"Baba Matheka, ana tumbo bovu tu, si kosa lake," mke wangu akaniambia.

"Hata mimi nina tumbo," nikamjibu. "Mbona mimi sitapiki kwenye viatu vya watu?"

Mimi ni dereva wa lori, Nairobi na Mombasa, mwaka wa thelathini na moja sasa. Nyumbani huwa Jumamosi jioni mpaka Jumatatu asubuhi. Siku zingine nakula barabarani, Mtito au Voi, popote penye sufuria motoni. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wananiuliza mbona mimi sikuugua. Nikiulizwa hivyo natamani ardhi ipasuke.

Kalekye alimpeleka paka kwa Jacklyne, daktari wa mifugo mwenye chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo kule Jogoo Road. Jacklyne alimwambia wazi kwamba tumbo lile halitapona kabisa, ni la kuchungwa maisha yote. Maziwa marufuku. Chakula kimoja kwa majuma mawili, halafu kingine, na kila siku aandike paka amekula nini na tumbo limesema nini. Mke wangu alikuwa karani wa baraza la jiji kabla hajastaafu, na karani haachi ukarani. Alinunua daftari akaanza. *Samaki wa kuchemsha, wali kidogo. Hakutapika.* Mwezi mzima hivyo. Paka akanenepa, nami nikazoea kumkuta amelalia kiatu changu. Sikumpenda, lakini nilimzoea.

Kisha nikaleta mahindi.

Mama yangu yuko Makueni, na ana shamba ambalo amelilima kwa mkono wake tangu nikiwa mgongoni. Februari ile mvua ilinyesha wakati hainyeshi, mahindi yakiwa yameanikwa uani juu ya turubai. Nilipita pale na lori likirudi tupu, nikaona hii ni bahati.

"Nzivo mwanangu, ngoja wiki moja," mama akaniambia. "Jua litoke, yakauke. Haya bado yana maji."

"Mama, lori halingoji jua," nikasema.

Uongo. Wiki iliyofuata lori lingepita palepale, likiwa tupu vilevile. Sikuwa na subira, basi. Tangu utotoni nikitaka kitu nakitaka sasa hivi, na anayenizuia namfokea. Nilijaza magunia manne ya nailoni, nikayafunga, nikafunika na turubai, huyo nikashika njia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mama alinicharaza kwa methali hiyo nilipokuwa mdogo. Guu lililovunjika safari hii halikuwa langu.

Nilipofungua gunia Kaloleni nilitia mkono ndani nikakuta mahindi yana joto. Joto kabisa, mithili ya mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Nikacheka nikamwambia Kalekye, "Ona, yamekuja na jua la Makueni." Yeye hakucheka. Alitoa kiganja cha punje akazinusa, akazirudisha taratibu.

Sasa, mtu akitoka ushago, kijijini kwao, na mahindi hali peke yake. Hiyo ndiyo desturi ya ploti yetu, awe Mkamba, Mluhya au Mjaluo. Nilichukua mkebe wa gorogoro nikapima milango sita, mmoja mmoja, nikipiga kifua. Muhonja wa mlango wa pili, ambaye alikuwa anamwachisha mtoto ziwa, nilimwongezea nusu. "Mpikie uji huyo mtoto," nikamwambia. "Si ule unga wenu wa pakiti, haujulikani umetoka wapi." Akashukuru kwa mikono miwili.

Ya kwetu nikapeleka kwa Willis, mwenye mashine ya kusaga. Willis alichota konzi moja, akaipuliza, akanitazama.

"Mzee Nzivo, haya yana harufu ya ukungu."

Watu walikuwa wamepanga foleni. Nikasikia damu inapanda. "Willis, wewe umewahi kulima hata kitunguu? Haya ni mahindi ya mama yangu! Saga, kama hutaki niambie nipeleke kwingine." Foleni nzima ikatazama chini. Willis akasaga.

Jumapili hiyo Kalekye alipika uji, akaonja, akakunja uso.

"Baba Matheka, ni kama una uchungu."

Nilipiga meza vikombe vikaruka. "Uchungu! Niende nimwambie mama kwamba umemwaga jasho lake? Sikiliza, katika nyumba hii mahindi ya mama hayatupwi. Na huyo Hasara naye, samaki basi. Paka wa Makueni wanakula ugali na wanashika panya. Ale uji kama sisi."

Kalekye akasema, "Sawa." Tulikuwa na miaka thelathini na mitatu ya ndoa, na ukiniuliza neno gani alilisema zaidi ya yote, ni hilo.

Paka aliunusa uji, akarudi nyuma hatua mbili, akakaa akitutazama. Ijumaa njaa ilimshinda akaulamba. Nilipofika Jumamosi nikakuta ametapika ndani ya kiatu changu cha kanisa, kitu cha manjano chenye povu. Nikamrusha nje kwa mguu. Ni tumbo lake lile lile, nikasema. Paka aliyezoea kutapika, nani atashangaa akitapika leo? Hata Kalekye alishangaa kidogo tu, kisha akaenda kuandika.

Majuma yakapita. Kuna jambo nililiona nikalipuuza, na sasa linanikosesha raha: hakuna jirani aliyerudi na mkebe. Kila mwaka nikileta mahindi, baada ya wiki mbili utasikia, "Mzee, ile kitu imebaki?" Mwaka huu kimya. Nikipita uani wananisalimia vizuri, wananiuliza habari za barabara. Rispa, mama wa kwaya, alikuwa akiniona nikitokea anaingia ndani. Nikadhani ana haraka zake.

Kalekye alianza kuchoka. Ana vidonda vya tumbo tangu zamani, kwa hiyo uji ndio chakula chake, asubuhi, mchana na jioni. Akasema miguu inavimba. Nikamwambia ni uzee. Akasema nguo zinamlegea kiunoni lakini tumbo linajaa. Nikamwambia apunguze chumvi. Lo! Mimi dereva, nikajifanya daktari.

Paka naye alibaki ngozi, njaa ikimzidi analamba kidogo na kutapika. Alikuwa anakaa mlangoni, kando ya sufuria ya uji, hali, ananitazama tu. Siku moja nilimfokea, "Unanitazama nini?" Hakuondoka. Wengine wote nikifoka huondoka.

Jumatatu moja ya Aprili, kabla sijatoka, Kalekye akaniita kutoka kitandani. "Mpeleke Mwende kwa Jacklyne. Mimi siwezi kutembea mpaka Jogoo Road. Tafadhali, Baba Matheka. Na ubebe daftari. Usisahau daftari."

Hakuwa mtu wa kuomba. Nikapiga simu kazini kusema nitachelewa, nikamtia paka kikapuni, nikatoka nikinung'unika njia nzima.

Jacklyne alimfunua paka mdomo. Fizi zilikuwa za manjano. Akageuza sikio, ndani nako manjano. Akanyoosha mkono kutaka daftari. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, kisha akaanza kusoma polepole kidole kikiwa kwenye mstari.

"Mzee, huu uji ni wa unga gani?"

"Wa mahindi ya mama yangu," nikasema, na hata hapo nilisema kwa fahari.

"Yalikauka vizuri kabla ya kufungwa?"

Nikainamia kikapu. Akanieleza bila kupandisha sauti. Mahindi yakifungwa na unyevu yanashika ukungu, na ukungu huo unatoa sumu inayoitwa sumukuvu. Inakula ini. Kupika hakuiondoi, hata uchemshe kutwa nzima. Paka huyu, akasema, tumbo lake limezoea kukataa, na kukataa ndiko kulikomfanya awe hai mpaka leo.

Kisha akanigeuzia daftari. "Hukusoma hii?"

Mwandiko wa Kalekye ulikuwa mzuri siku zote, umesimama wima. *Jumanne. Mwende amekataa uji. Mimi nimekunywa.* Nikafungua ukurasa mwingine. *Jumatano. Mwende amekataa. Mimi nimekunywa.* Kurasa na kurasa. Kuelekea mwisho herufi zilianza kulala. *Mwende amekataa. Mimi nimekunywa nusu.*

"Mzee," Jacklyne akasema, "macho ya mkeo yakoje?"

Sikujua. Nakuapia Mungu, sikujua. Nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja usiku uliotangulia, na sikukumbuka mara ya mwisho kumtazama machoni.

Nilimwacha paka pale nikakimbia. Mtu wa miaka hamsini na tisa, nakimbia Jogoo Road na daftari mkononi. Nilimwinua Kalekye nikamleta mlangoni kwenye mwanga. Macho yake yalikuwa ya manjano kama bizari. "Umeona sasa," akasema, basi.

Hospitalini walimlaza saa hiyo hiyo. Daktari alibonyeza tumbo lake, akamtoa damu, akaniita pembeni akaniambia ini limeharibika sana na nianze kuwaita watoto. Niliporudi kando ya kitanda Kalekye alinishika mkono wa shati.

"Usikae hapa. Nenda kwa Muhonja. Mtoto wake."

Ndipo nilipokumbuka gorogoro sita. Na nusu.

Sijawahi kuogopa njia kama nilivyoogopa ile ya kurudi Kaloleni. Nilikuwa naona kile kitoto cha Muhonja, kinavyokuja kunishika suruali kikiniita guka, yaani babu. Nilipofika sikupiga hodi, niliingia tu. Muhonja alikuwa anakilisha, kijiko mkononi. Nikampokonya bakuli likamwagika.

"Huu ni uji wa mahindi yangu? Muhonja, niambie! Ni sumu! Mahindi ya mama yangu ni sumu!"

Sikuwahi kudhani kinywa changu kitatamka hivyo. Kitoto kikaanza kulia. Nikakivuta hadi mlangoni, nikakifunua mdomo jinsi nilivyoona kwa daktari wa paka. Fizi nyekundu. Macho meupe pe.

"Si ya kwako, Baba Matheka," Muhonja akasema. Alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. "Ni wimbi. Ya kwako tuliyamwaga."

"Mliyamwaga lini?"

"Siku ya pili. Yalikuwa machungu. Nilikuwa nataka kukuambia, lakini..." Akatazama chini. "Unajua vile ulivyo."

Nikaenda mlango wa Rispa. Alimwaga. Mlango wa Phares, alimwaga, tena alichimba shimo ili kuku wasile. Mlango wa nne, wa tano, wa sita. Wote walimwaga juma lile lile, wakaambizana uani, wakaonyana mtu yeyote asiniambie. Phares akasema walidhani nasi tumemwaga. "Nani angekula vile?" akasema. Nikamshukuru. Kila mmoja nilimshukuru.

Jioni nilirudi wadini nikakaa kwenye kiti cha plastiki.

"Wangapi walikula?" Kalekye akauliza.

"Hakuna. Wote walimwaga."

Akafumba macho. Nilifikiri amelala. "Mungu ni mwema," akasema. Kisha: "Mimi nami nilijua ni mabaya. Sikujua yanaua. Nilijua tu ukisikia kwangu utapiga meza. Nikasema niandike, labda utamsikia daktari wa paka."

Nikamshika mkono, akauacha nishike.

Alitutoka Ijumaa alasiri, mwanetu Matheka akiwa bado njiani kutoka Kitui.

Paka yuko hapa. Jacklyne alimtundikia maji siku sita akapona, isipokuwa lile tumbo lake, ambalo halitapona. Namwita Mwende. Nimeacha lori, namchemshia samaki mwenyewe na kuandika katika daftari lile lile, chini ya mwandiko wa mke wangu. Leo asubuhi nimempa kipande cha samaki wa juzi. Amekinusa, amerudi nyuma hatua mbili, amekaa akinitazama. Nimekitupa.