Ehee ya Shangazi Candida

Kwamba Anaeli hajui kunyamaza, mtaa mzima wa Narung'ombe ungekuapia. Katika duka la vitenge la shangazi yake Candida, pale Kariakoo, yeye ndiye aliyewakabili wateja wa Zambia na Malawi kwa Kiingereza, akabishana nao bei mpaka wakacheka na kubeba robota zima la vitenge. Kumbe binti kama huyo anaweza kuzibwa mdomo na kompyuta!

Chuo kimoja cha Uholanzi kilikuwa kimempa ufadhili wa kusomea uhandisi wa maji, ila kwa sharti: alete alama za mtihani wa Kiingereza, ule unaofanywa kwa mtandao, kabla ya Jumatano ya mwisho wa mwezi. Kusoma na kuandika hakukumtisha. Shida ilikuwa kuzungumza. Unapewa swali, unapewa nusu dakika ya kujipanga, kisha unaiambia kamera maneno ya dakika moja na nusu, peke yako. Kila akifika sekunde ya ishirini, Anaeli anakwama. Alijirekodi kwenye simu mara thelathini. Aliizunguka stoo ya juu ya duka kama kuku anayetafuta pa kutagia, akakaa, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga tena kwa sababu ya spika ya machinga iliyokuwa ikitangaza soksi tangu asubuhi. Hata chapati ilimshinda.

“Mwanangu, utatoboa sakafu,” Candida alimwambia akiwa ngazini. “Kwani hicho kimashine kinakuuliza nini cha ajabu?”

“Maswali yenyewe mepesi, shangazi. Ila nikianza kuongea kinanikodolea macho tu. Hakisemi hata ‘mh’.”

Candida, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye rangi za vitenge, alivuta robota, akaketi juu yake, akakaza khanga kiunoni. “Haya, niambie mimi.”

Anaeli akamweleza, kwa Kiingereza, jinsi bonde la Jangwani linavyojaa maji mvua zikikolea. Candida hakuelewa chochote, lakini kila binti aliposhusha pumzi aliitikia, kama anavyomwitikia kila mtu: “Ehee!” Na tena, “Ehee, ikawaje?” Mara simu ikalia, dakika moja na nusu imekwisha. Siku hiyo walirudia mara tisa. Wiki nzima, duka likipoa kidogo tu, wanapanda juu.

Siku ya mtihani, uliofanyika palepale stoo, haruhusiwi mtu mwingine chumbani, wala sauti yake. Candida alilijua hilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua Jumapili asubuhi, maduka yakiwa yamefungwa, akaacha kwenda kanisani ili akae ngazini kuzuia watu. Swali likaja: eleza mahali unapopapenda. Anaeli alianza vizuri, akafika sekunde ya ishirini, akashusha pumzi, na nyuma ya mlango sauti ikapaa.

“Ehee!”

Jumanne barua pepe ikaingia. Sauti ya mtu wa pili imesikika, mtihani umefutwa, anaruhusiwa kurudia mara moja tu.

Anaeli alikasirika kwelikweli. Siku mbili hakumsemesha shangazi yake zaidi ya shikamoo, na kilichomtesa zaidi ni kujua kwamba ni yeye mwenyewe aliyemzoesha kumwitikia. Candida naye alikuwa akiwapa wateja rangi wasizoomba.

Jumapili ya pili Anaeli alimwomba aende kanisani. Candida akagoma. “Na watu atawazuia nani? Nitakaa. Sisemi kitu.”

Swali la mwisho lilihusu mtu aliyekusaidia. Sekunde ya ishirini ikafika, stoo ikawa kimya. Anaeli akawaza mlango ule nyuma ya kompyuta, na mtu aliyeketi upande wa pili akijizuia kuitikia kwa nguvu zake zote. Basi akaendelea. Alilitaja jina la Candida mara nne, na muda ukamkatisha akiwa bado na la kusema.

Alama zingekuja Jumanne, na zingetosha, lakini asubuhi ile hakuna aliyejua. Anaeli alifungua mlango, akamkuta shangazi yake kwenye ngazi ya juu kabisa, pindo la khanga limejaa mdomoni. Candida alilitoa taratibu.

“Nimesikia jina langu. Ulikuwa unanisema?”

“Nilikuwa nakusema.”

“Ulikuwa unasema nini sasa?”

Anaeli akaketi kando yake, akaanza upya kwa Kiswahili. Akasimulia siku aliyoshuka kwenye basi la Moshi akiwa darasa la nne, wiki tatu baada ya kumzika baba yake, na mwanamke aliyempokea akamkalisha juu ya robota na kumwambia, haya, niambie yote. Alipofika hapo akashusha pumzi, akasubiri.

“Shangazi, mbona huitikii?”

Candida alikuwa amerudisha khanga mdomoni, analia.