Mwandiko wa Dada

Mimi ni daktari wa moyo. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi, nimepima watu presha bure sokoni, maana wanyonge hufika hospitali maji yakiwa yameshazidi unga. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa mezani akiandika majina, na hakumwacha mtu apite.

"We muuza nyama, njoo hapa! Presha haiogopi kisu chako," alifoka, na soko zima likacheka.

Juzi kiharusi kilimwangusha jikoni kwake. Tumemzika jana.

Leo nimerudi kazini. Wenzangu wananipa pole, nami naitikia kama kasuku. Mkuu wangu akaniuliza presha ya marehemu ilikuwa ngapi. Ni swali la kawaida, hata mimi huwauliza wafiwa. Nikafungua madaftari yote ya sokoni, ukurasa kwa ukurasa. Muuza nyama yumo na mkewe yumo. Hata mimi nimo mara nne, kwa sababu ya kelele zake. Majina yote yako kwa mwandiko wake, ila lake halimo.

"Sijui," nikamjibu mkuu.