Kofia Isiyopigwa Pasi

Nguo isiyopigwa pasi haitoki mikononi mwangu. Hata kitambaa cha kufutia cherehani nakinyoosha, na wifi yangu, tunayeshona naye chumba kimoja tangu aolewe na kaka yangu, hunicheka: "Wewe wifi, siku ya kufa utafufuka uipige pasi sanda yako." Humjibu kwamba afadhali hivyo kuliko kuzikwa na makunyanzi.

Mimba yake ilipofika mwezi wa sita alianza kuvimba miguu, kisha uso. Tukasema ndiyo mimba hiyo, wajinga sisi. Asubuhi moja alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Alisema kichwa kinampasuka na anaona vimulimuli, na kabla sijasimama akaanguka kwa degedege kando ya cherehani. Daktari, mwanamke asiyezunguka mbuyu, alituambia ni kifafa cha mimba, na tiba yake ni mtoto atoke hata kama siku zake hazijafika. Akichelewa tutawakosa wote wawili.

Akatoka, wa kiume, mwepesi kuliko mkate mmoja wa baba yake, ngozi nyembamba hadi mishipa unaiona. Wakamlaza kwenye sanduku la kioo lenye joto, na mpira wa hewa puani. Kaka yangu ni mwoka mikate, pande la mtu. Alimtazama, akasema, "Karibu, Bwana Mkubwa," kisha akaenda kulia koridoni akidhani sikumwona.

Wifi alikuwa wodi nyingine, presha haitaki kushuka, haruhusiwi hata kuketi. Kazi aliyopewa ilikuwa kukamua maziwa, maana utumbo wa mtoto ulikuwa mchanga mno na maziwa ya mama ndiyo yangemlinda. Yalitoka matone, tukayabeba kwenye bomba la sindano kama marashi ya bei. Kisha yakakata.

"Mwanangu yukoje?" aliuliza kila tukiingia.

"Hajambo kabisa," nilisema mimi.

"Mzima wa afya," alisema kaka yangu.

Tulikuwa tumepatana tusimpandishe presha. Lakini alikuwa akituangalia machoni, na kila tulivyomsifia mtoto ndivyo alivyozidi kunyamaza.

Nikaamua kumpelekea ushahidi. Nilikuwa nimemshonea mtoto kofia za pamba, ndogo hata ngumi yangu haiingii vizuri, na manesi walimvika kwa zamu. Nikachukua moja aliyovuliwa. Nikaifua, nikaipiga pasi, nikaikunja vizuri, nikampelekea mama yake.

Akaigeuza ndani nje, kama anavyokagua kazi ya mtu. Akapitisha kidole kwenye mshono. Akainusa.

"Wifi," akasema polepole, "kofia hii haijavaliwa."

"Imevaliwa! Naapa!"

"Mshono haujavutika. Hakuna hata unywele. Inanuka sabuni tupu. Niambieni ukweli. Mmemzika lini?"

Mimi, ambaye mdomo wangu haujui likizo, nilikosa neno. Na yeye akaona kule kukosa neno ndiko jibu. Presha ikapanda, nesi akanitoa nje kwa maneno ambayo niliyastahili.

Niliilaani pasi yangu njia nzima hadi chumba cha watoto. Kaka yangu alikuwa ameketi bila shati, Bwana Mkubwa kifuani pake, ngozi kwa ngozi, kama walivyomfundisha.

"Hata unga hauumuki kwenye baridi," alininong'oneza.

"Nipe kofia yake."

"Ina jasho, na kaitapikia."

"Ndiyo hiyo hiyo!"

Nesi akamvisha nyingine, nami nikarudi mbio. Nikaomba dakika moja. Nikaiweka ile kofia puani mwa wifi, imekunjamana, ina unyevunyevu, na doa la maziwa pembeni.

"Sasa sikiliza, sikufichi tena. Mwanao yu hai na hali yake ni ngumu. Mapafu hayajakomaa. Anasahau kupumua. Leo asubuhi alisahau, nesi akamkuna unyayo, akavuta hewa, kisha akamkunjia uso. Uso ule ule wako ukiona nimepinda mshono. Daktari hajatuahidi kitu."

Alinusa kwa muda mrefu. Akatoa unywele mmoja kwenye pindo, akautazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Anakunja uso?"

"Vibaya sana."

Akalia, ndipo nikaona gauni lake limelowa maziwa kifuani. "Lete kikombe, wifi," akasema. "Na kofia hii ukiigusa na pasi yako, mimi na wewe basi."

Tangu hapo nilimpelekea kofia chafu kila siku, na habari zozote zilizokuwapo, nzuri na mbaya. Nilimpenda kupita nilivyowahi kumwambia, na siku hizo nilimwambia.

Presha ilipokubali, tulimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kwa mwanawe. Wakamlaza kifuani pake. Mtoto akatulia, kisha akasahau kupumua. Kaka yangu akanishika mkono hadi mifupa ikalia. Nesi alikuwa ameshanyoosha mkono, lakini wifi alimtangulia. Akamkuna unyayo kwa ncha ya kidole.

"Pumua, baba. Mama nipo."

Bwana Mkubwa akavuta hewa, akamkunjia uso.

Wifi akacheka huku machozi yakimtiririka. "Ni kweli," akasema. "Kaniangalia kama niliyepinda mshono."