Chanzo Kinasema Amefariki

Gari lilikuwa limeshaingia gia ya tatu Marcellin alipogonga kioo cha nyuma kwa ngumi. Alikuwa kwenye bodi ya pikapu, juu ya godoro lake, kompyuta ya kikundi ameipakata kama mtoto mgonjwa. Nyuma yake moshi wa Alexandra, kitongoji cha Johannesburg, ulikuwa umepanda mpaka maghorofa ya Sandton hayaonekani.

"Mama Sipho, simama. Muzee Yaovi iko ndani."

Mwatumu hakusimama. Aliangalia kioo cha pembeni, akaona mtaa wa Yaovi umezibwa kwa matairi yanayowaka, na vijana wenye fimbo, wanaosaka wageni, wanavuka toka upande huu kwenda ule, hawana haraka hata kidogo. Mguu ukishakanyaga mafuta hausikilizi jina la mtu. "Atakuwa ametoka zamani," alisema, wala hakuna aliyemsikia, maana vioo vilikuwa juu. Kwenye roboti, ndivyo huko wanavyoita taa za barabarani, taa ilikuwa nyekundu. Akapita.

Huyu Mwatumu alikuwa mtu wa Morogoro. Aliolewa na mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni kule, wakaja wote nchi ilipofunguka. Mume akafa, yeye akabaki Randburg na mtoto mmoja, Sipho, aliyekielewa Kiswahili lakini akijibu kwa Kiingereza. Labda ndiyo sababu alianzisha kikundi. Kila Jumamosi, ukumbini mwa kanisa la Wakongo, watu wachache walikaa kuandika kurasa za Kiswahili katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuiongeza na hakuna anayelipwa. Mwaka ule wa 2015 walichukua Togo, kwa kuwa kurasa zake zilikuwa mifupa mitupu: mji fulani uko Togo, basi. Marcellin, mlinzi wa ofisi Sandton, mtu wa Bukavu mwenye Kifaransa chake, alipewa mito na miji. Héritière, msusi wa Lubumbashi, alipewa masoko na vitambaa. Mwatumu aliwasahihisha wote.

Hakuna kati yao aliyewahi kufika Togo ila Yaovi, aliyezaliwa huko. Zamani alikuwa golikipa wa klabu moja ya Lome. Aliacha binti anayetambaa, akateremka nchi baada ya nchi, Kiswahili akakiokota Goma, na mwisho akawa fundi viatu Alexandra. Jumamosi alikuja kwa ajili ya chai, na kuwachokoza.

"Soko la kule mumeandika vibaya," alikuwa akisema. "Wenye kuuza vitambaa hawakai pale."

"Chanzo, mzee," Mwatumu alimkatiza.

"Chanzo ni mimi. Nimezaliwa nyuma ya soko."

"Wewe ni mtu. Mtu si chanzo. Lete gazeti, lete kitabu."

"Na huyo aliyeandika kitabu, yeye hakuwa mtu?"

Wakacheka. Lakini kanuni ni kanuni, na Mwatumu ndiye aliyeibandika ukutani: kisichochapishwa mahali, hapa hakiingii. Siku Yaovi alipoleta kipande cha gazeti la ujana wake, yuko hewani na mpira mikononi, wakamfungulia ukurasa. Yaovi Agbeko, golikipa. Aliusoma, kisha akauanza tena toka juu.

Sasa, baada ya ule moto, Yaovi hakuonekana. Marcellin alirudi Alexandra kumtafuta, akakuta chumba ni jivu, na jirani akamwambia waliobaki mstari ule wote wamekwisha kwa moshi. Jumamosi wakasimama, wakaomba. Héritière akalia. Kwa hao watu msiba usiotangazwa si msiba, ni kumtupa mtu, na Yaovi hakuwa na ndugu huku wa kumtangaza. Marcellin akafungua ukurasa wake, akaandika: alifariki Johannesburg, Aprili 2015.

"Chanzo?" Mwatumu aliuliza.

Marcellin alimtazama. "Mama Sipho, hata leo?"

Mwatumu akakumbuka roboti, akaacha kuuliza.

Siku chache baadaye mtandao mmoja wa michezo wa huko Afrika Magharibi ukaandika kwamba golikipa wa zamani amefariki Johannesburg. "Mnaona?" alisema Héritière. "Wanatusoma." Na Marcellin, ambaye dhamiri ilikuwa ikimwuma juu ya ile kanuni, akauweka mtandao ule kwenye tanbihi chini ya ukurasa. Chanzo kikapatikana. Ukurasa ukaushika mtandao, mtandao ukaushika ukurasa, kama vipofu wawili walioshikana mikono, kila mmoja akidhani mwenzake anaona njia.

Yaovi aliingia ukumbini mwezi wa Mei. Alikuwa amekonda, na sauti yake ilitoka kama upepo wa pampu ya baiskeli. Moshi ulikuwa umemla mapafu. Alilazwa hospitali, kisha akapelekwa kwenye mahema ya waliofukuzwa.

"Huku wafu wanapewa chai?" aliuliza.

Héritière aliweka kikombe chini. Marcellin ndiye aliyejibu: "Muzee, sisi tulikuombea."

"Muliniombea nini?"

"Pumziko."

"Nimelipata. Hospitali ni kulala tu."

Wakacheka, wakamkalisha, na wakati huo hakuna aliyeona ubaya wowote. Ubaya ulianza alipoomba simu apige nyumbani. Namba aliyoikumbuka ilikuwa moja tu, ya mdogo wake. Simu ikapokewa, wakasemezana kwa lugha yao, kidogo sana, kisha Yaovi akairudisha.

"Anasema kaka yake wamemzika," alisema. "Waliweka nguo katika sanduku. Nyumba yangu ya kule sasa iko yake."

Héritière akamtafuta binti kwenye Facebook, akampata: Akouvi, mshonaji, Lome. Wakamtumia picha ya baba yake na maelezo marefu. Jibu lilikawia, na lilipokuja Marcellin alilisoma kwa sauti akilifasiri: "Baba aliondoka siijui sura yake. Watu wameshanipigia wakijiita yeye, wakitaka pesa. Baba mdogo amenionyesha ukurasa wenu, una tarehe na una chanzo. Kama yuko hai, mbona nyinyi wenyewe mmeandika amekufa? Na mbona mpaka leo imeandikwa? Ukibadilika, nitazungumza naye."

Yaovi alitikisa kichwa taratibu. "Iko na akili. Alitoa kwa mama yake. Basi andikeni, asikie sauti yangu wakati bado iko."

Mwatumu akafuta kifo pale pale. Chai haijapoa, kikarudi. Aliyekirudisha alikuwa mkabidhi, yaani mmoja wa wale wanaojitolea kulinda kurasa zisiharibiwe, mtu wa mbali wasiyemjua. Aliandika kwa adabu: "Asante kwa mchango wako. Nimerudisha, kwa kuwa chanzo kinasema amefariki."

Akafuta tena, akaandika: "Amekaa mbele yangu. Anakunywa chai."

"Sina shaka na nia yako," mkabidhi akajibu. "Ila unajua mwenyewe kwamba mtu si chanzo."

Alijua. Akafuta tena, na tena, mpaka akafungiwa asiweze kuhariri. Marcellin akaandika kwa jina lake, akakiri kwamba kile kifo alikitunga yeye. Akajibiwa kuwa ungamo lake nalo lingehitaji kuchapishwa mahali. Waliandikia ule mtandao wa michezo, haukujibu.

Ndipo Mwatumu akampakia Yaovi kwenye pikapu, wakaenda mjini kwenye ofisi ya gazeti. Mwandishi, dada mmoja kijana, aliwasikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Mama," alisema kwa Kiingereza, "mtu kuwa hai si habari."

"Na akifa?"

"Akifa kwa sababu ya zile vurugu, naweza kumwuliza mhariri."

Nje, Yaovi akauliza dada amesema nini.

"Amesema tusubiri."

"Tusubiri nini?"

Mwatumu akawasha gari.

Baridi ya Juni ikaja. Héritière alimtoa kwenye mahema, akamlaza chumba cha nyuma cha saluni, katikati ya mafurushi ya nywele. Kila Mwatumu alipoingia aliuliza, "Nimefufuka?" na Mwatumu alisema, "Bado, mzee." Siku moja hakuuliza.

"Siku ile ya moto," alisema, "nilikuwa kwenye kona. Niliona pikapu. Nilipunga shati."

Mwatumu alimvutia blanketi mabegani.

"Ungesimama, tungekufa wote. Ile haina kesi. Lakini ukurasa, mama, ukurasa hauna moto. Pale mungesimama kwanza, muulize."

Alifariki Julai, asubuhi, Héritière akiwa na mteja kitini.

Kanisa lilichanga jeneza, akazikwa kwenye makaburi ya manispaa. Mwatumu alimpigia yule mwandishi. Mhariri alisema vurugu zilishapita. Picha ya kaburi alitumiwa Akouvi, naye akajibu kwamba Mungu awabariki, ila baba yake alifariki Aprili. Kila Aprili humsomea misa Lome. Mdogo wa Yaovi aliiuza nyumba. Marcellin alirudi Bukavu mwaka 2017, sasa ni mlinzi wa ghala, na kompyuta hagusi. Saluni ya Héritière ilivunjwa katika ghasia za Septemba 2019, naye anasukia watu nyumbani. Kikundi kiliishia na Togo. Kurasa zake zipo, watu wanazisoma, na wa Yaovi haujabadilika. Mwatumu alifunguliwa kuhariri baada ya muda, lakini hakuandika tena. Yuko Randburg. Sipho amehamia Durban, humpigia mama yake siku za sikukuu.