Beringi Mpya za Babu Raymundi

Lori la babu yangu Raymundi lilikuwa na jina rasmi, lililoandikwa mlangoni kwa rangi nyeupe. Mimi nililiita Kikohozi, kwa kuwa mwaka ule injini yake ilianza kugonga. Mjukuu ni mtani wa babu yake, nami utani niliutumikia kwa bidii ambayo walimu wangu wa bweni hawakuwahi kuiona kwenye hesabu.

Nilirudi nyumbani Cheyo, mtaa wa Tabora, likizoni nikakuta miguu yake ikichungulia chini ya lori.

"Shikamoo, miguu."

"Marahaba. Mwenyewe yuko huku ndani. Lete bakuli."

Alimwaga oili, ndani yake vilielea vichembe vinavyong'aa. Kisha akafungua beringi, vile vipande vya madini laini vinavyoukumbatia mhimili wa injini ili chuma kisisage chuma. Zilikuwa zimelika hadi shaba ikaonekana.

"Kama meno ya bibi yako," alisema.

"Nitamwambia mke wangu."

"Mwambie. Tutalala njaa wote wawili."

Baba mdogo Wenceslaus hakucheka. Alitaka lori liuzwe. "Baba, macho yako yamekwisha. Ukikosea, injini itakwama njiani, na watu watasema mikono yako nayo imekwisha."

Babu alipaka mhimili masizi yaliyochanganywa na oili, akafunga beringi mpya, akazungusha, akafungua tena. Mimi nilimwonyesha palipochafuka, ndipo palipobana, yeye akapakwangua taratibu, kisha tukaanza upya. Jumamosi jioni alikaza boliti ya mwisho.

"Kesho baada ya misa tutawasha. Na safari ya kwanza ni mwendo wa mguu, beringi zizoeane na mhimili. Baba yangu alibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, akafika. Wenye haraka walizikwa njiani."

Jumapili hakuamka.

Ilibidi azikwe kijijini Ntalikwa, alikozaliwa. Baba mdogo akataka kukodi lori la Shaban, mfanyabiashara wa karanga.

"Atakwenda na la kwake," alisema bibi Getruda.

"Mama, halijawashwa hata mara moja! Likigonga naye yumo ndani?"

"Basi atalisikia."

Baba mdogo akazungusha hendeli, nalo likawaka. Tukapakia jeneza.

Kazi yangu msibani ilijulikana. Mjukuu humwiga marehemu na kuwachekesha wanaolia. Watu waliningoja. Mimi, niliyewahi kumwingiza mbuzi bwenini akiwa amevaa tai, nilikaa kando ya jeneza kama gunia la karanga.

Nje ya mji wingu likatanda. Baba mdogo akakanyaga mafuta, injini ikapaza sauti. Nikajikuta nagonga paa la chumba cha dereva.

"Wense! Unamkimbiza nani? Beringi bado changa! Wenye haraka walizikwa njiani!"

Ilikuwa sauti ya babu, pamoja na mkwaruzo wake. Lori likapunguza mwendo ghafla. Bibi akacheka, kanga mdomoni.

"Mwacheni aseme. Huyo ni mume wangu."

Wote tukacheka, hata kicheko kikageuka kilio, changu kikitangulia.

Wanaume tuliteremka, tukatembea kando ya lori hadi Ntalikwa. Mvua ilitunyeshea bila upendeleo.

Baada ya maziko, baba mdogo aliwasha tena. Nilichukua kijiti cha mninga ambacho babu alikitumia kusikilizia, ncha moja nikaiweka kwenye injini, nyingine sikioni.

"Inagonga?" baba mdogo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haigongi."

Bibi akanyoosha mkono. "Nipe."

Akainama kama alivyokuwa akiinama babu, akafumba macho, akasikiliza. Mvua ikaisha. Watu wakaanza kuagana. Baba mdogo, mtu wa haraka kuliko wote Tabora, aliketi mkono ukiwa kwenye swichi, wala hakuizima injini.