Ushauri Umetolewa

Aliyepenya foleni hadi dirisha la dawa hakuwa mgonjwa, wala hakuna aliyemjua. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo kombo. Watu waliguna, mzee mmoja akamuuliza kama ugonjwa wake ulizaliwa kabla ya wa wenzake. Kijana hakugeuka. Alisukuma kadi ya kliniki chini ya kioo.

“Dada, mama yangu mlimpa nini?”

Mfamasia, binti ambaye hata mwaka hajamaliza kazini, akaichukua kadi huku akimsikiliza. Mama alikuwa amelazwa hospitali kubwa, hajitambui. Wakimwekea dripu ya sukari anafumbua macho, kisha sukari inashuka tena naye anazama. Daktari wa kule hakuelewa, maana vidonge vilivyoandikwa kwenye kadi havishushi sukari namna ile. Chini yake palikuwa na muhuri wa bluu tu: USHAURI UMETOLEWA.

Muhuri huo mkuu wa kituo aliuchongesha ili foleni iende mbio, na binti aliupiga kutwa. Sasa aliukodolea macho kama anayeomba neno kwa bubu. Sura ya mama haikumjia. Akauliza yukoje. Mwembamba, kijana akasema, na mtu wa utani. Hata mauti atayatania.

Hapo akakumbuka. Bibi aliyeutazama muhuri ukitua, akacheka: “Haya mwanangu, nimeshashauriwa. Sasa niambie umenishauri nini.” Nyuma yake watu walikuwa wamejaa hadi uani. Vidonge vyake vya kisukari vilikuwa vimeisha stoo, naye binti akampa vya aina nyingine, vikali, vinavyokaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mtu wa umri ule. Kwenye kadi hakugusa kitu. Akapiga muhuri, akaita anayefuata.

Alimweleza kijana. Akapiga simu ya wodi. Ikaita mpaka ikakatika. Kijana alijaribu kulitamka jina la dawa, likamvunjikia mdomoni.

“Niandikie, dada. Nikifika kule nitasahau nusu. Niahidi utaandika yote.”

“Nitaandika yote.”

Mkuu wa kituo alikuwa ameshasimama mlangoni. Akamvuta binti kando na kumnong'oneza, kwa upole wa mzazi, kwamba aandike jina la dawa tu, mengine ayaseme. Barua ya kumthibitisha kazini ilikuwa bado mezani kwake, haijatiwa saini.

“Mdomo huponza kichwa, mwanangu,” akasema. “Kalamu huponza kazi.”

Binti alijua hatishiwi nyau. Nyumbani wadogo zake walikuwa wakila kwa kazi hiyo. Akarudi dirishani, akaketi, akaanza. Jina la dawa na nguvu yake. Kwamba aliibadilisha bila kumwarifu daktari aliyeandika. Kwamba dripu isiondolewe mapema hata mama akiamka na kuongea, kwani vidonge hivyo vitamrudisha chini. Kijana alikuwa amekishika kioo kwa viganja vyote viwili, kikiingia ukungu kwa pumzi zake. Foleni ikaguna tena.

Kalamu ikasita. Mkuu alikuwa nyuma ya bega lake, anasoma.

Akaandika: Sikumwambia asivimeze bila kula. Ushauri haukutolewa.

Akaweka jina lake kamili na saini, akaipitisha karatasi chini ya kioo.