Mkono wa Bibi

Reine aliazima kwenye maktaba ya Crystal, mji wao mpya huko Marekani, kitabu cha katuni chenye shujaa anayepaa, kifua kama kabati. Anicet, baba yake, hakuwa na subira na mashujaa wa karatasi, lakini binti alipomwita atazame, aliketi naye kwenye kochi.

Shujaa alikuwa amevunja ukuta wa kambi ya Wanazi, kule walikouawa Wayahudi. Alibeba watoto mgongoni, akageuka. Nyuma yake, kwenye matope, amebaki bibi kizee, mkono ameuinua, kiganja kimetazama chini, vidole vinapunga.

“Kama Bibi, Papa,” Reine alisema kwa Kiingereza. “Anamwambia nenda, usinisubiri.”

Hadithi hiyo ya Bibi aliisimulia Anicet mwenyewe, katika kanisa la Wamarekani waliowapokea: vita vilipoingia kijijini, alimfunga Reine mchanga mgongoni, akamwacha mama yake asiyeweza kutembea, naye mama akainua mkono. Kila aliposimulia aliuonyesha mkono ule vilevile ulivyokuwa, maana kuhusu huo hakuweza kudanganya. Wazungu walifuta machozi, wakamsifu mama aliyewaruhusu waende. Maana hiyo waliitia wenyewe, naye hakuwasahihisha.

Sasa Reine, aliyekulia hukuhuku, aliupunga mkono hivyohivyo mbele ya uso wa baba yake. “Nenda,” alisema taratibu. “Nenda.”

Anicet aliinamisha macho. Kwao Uvira, kule Kongo, kiganja kikitazama chini na vidole vikapunga, mtu haambiwi aende. Anaitwa.